Msinitengenezee Mtoto Malaika

Mwaka jana nilituma hadithi fupi kwa jarida fulani. Mhusika mkuu alikuwa mtoto wa miaka saba, kijiji ni Buyangu, wakati ni Januari 2008. Baada ya miezi mitatu mhariri akanijibu, kwa upole kabisa. Alisema lugha ni nzuri na kijiji kinaonekana, ila kuna tatizo moja: mtoto anajua mengi mno. Anajua duka limevunjwa kwa nini. Anajua mwenye duka ni kabila gani. Anajua mjomba wake alikuwa wapi asubuhi hiyo. Mhariri akashauri nimpunguzie. Msomaji, alisema, anataka kuiona vita kwa macho safi ya mtoto asiyeelewa.

Mimi naishi kwa vibarua vya kuandika. Nikipewa kazi ya kusifu sabuni, naisifu. Nikiambiwa punguza, napunguza. Kwa hivyo nilikaa chini nikampunguza mtoto. Nikamtoa mjomba. Nikamfanya mtoto aangalie moshi halafu amuulize mamake kama kuna mtu anachoma makaa. Usiku nikaisoma kwa sauti, nikaona aibu peke yangu chumbani. Yule mtoto alikuwa mimi. Na mimi sikumuuliza mtu yeyote kuhusu moshi, kwa sababu nilijua unatoka wapi. Nilikuwa nimetoka huko.

Nikaifuta. Hii unayosoma ndiyo niliyoandika badala yake.

Wacha kwanza nikuambie nilichojua.

Buyangu iko upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, ukikata kutoka barabara kuu ya kwenda Webuye. Watalii wanaijua kwa lango la KWS, kwa kilima cha Buyangu, kwa kima na mbega. Sisi tunaijua kwa matope na kwa trela za miwa. Sokoni kulikuwa na duka la Mkikuyu mmoja. Sitamtaja, jina lake si langu kulitoa. Aliuza mafuta taa, sabuni ya kukatwa vipande, madaftari, na sukari aliyoipima robo robo kwenye karatasi. Kuishi katikati ya miwa halafu ununue sukari robo ni stori ya siku nyingine. Binti yake alikuwa na mimi darasa la kwanza. Tuliketi dawati moja. Yeye alikuwa namba moja na mimi namba mbili, mihula yote mitatu.

Tarehe 27 Desemba 2007 watu walipiga kura. Tarehe 30 jioni matokeo ya urais yakatangazwa. Tulikuwa kwa kukhu, watu wazima wameizunguka redio. Sikujua tume ya uchaguzi ni kitu gani, hilo nakubali. Lakini nilijua "wao" ni nani. Neno hilo lilikuwa limetumika kwetu mwezi mzima, na kila lilipotamkwa kuna mtu aliangalia upande wa soko. Mtoto wa miaka saba hahitaji kamusi kwa hilo.

Siku mbili baadaye ile familia iliondoka usiku. Asubuhi, kabla ya saa nne, mlango wa duka ulikuwa umeng'olewa. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwa walioung'oa. Sisi watoto tulifuata nyuma, vile vile tulivyozoea kufuata trela tukichomoa miwa. Nilitoka na karatasi mbili za sukari na penseli moja niliyoikuta chumba cha nyuma walikokuwa wanalala. Penseli ilikuwa ya rafiki yangu. Nilijua ni yake kwa sababu ilikuwa na alama za meno yake.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani niliwaza jambo moja. Nitalisema jinsi lilivyokuja. Niliwaza: sasa nitakuwa namba moja.

Mama alipika chai. Hakuniuliza sukari imetoka wapi. Barabara zilikuwa zimefungwa, maduka hayana kitu, na yeye alikuwa na watoto wanne. Kukhu alisukuma kikombe chake kando akasema atakunywa maji. Hilo pia nililielewa. Shule zilipofunguliwa, mwisho wa muhula nikawa namba moja kweli. Nikasimamishwa mbele, nikapigiwa makofi.

Huyo ndiye mtoto anayejua mengi mno. Hakuwa jitu na hakuwa malaika. Alikuwa na hamu ya sukari, wivu wa darasa la kwanza, na masikio mawili yanayofanya kazi.

Sina digrii ya fasihi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilishinda nguvu, kwa hivyo chukua haya kama maneno ya msomaji tu. Naona tunachanganya mambo mawili. La kwanza: mtoto hana hatia. Nakubali kabisa, na hata sheria inakubali. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa kosa la jinai. La pili: mtoto hajui. Hili ni jambo lingine kabisa. Mtu anaweza kukosa hatia na bado akajua kila kitu. Lakini hadithi nyingi za vita zimeyashona haya mawili pamoja, kana kwamba njia pekee ya kumwondolea mtoto lawama ni kumwondolea akili.

Hata methali tunaitumia hivyo. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Kila mwanasiasa anayetaka kusikika ana huruma huisema, na watoto huwa ndio nyasi. Sawa, lakini nyasi hazina macho. Hazijui fahali gani alianza. Sisi tulijua, na wengine wetu tulikuwa na fahali wetu tuliyemshangilia.

Huu mtindo wa macho safi unafanya kazi hivi. Mwandishi anampa mtoto macho na masikio halafu anamnyima maana. Mtoto anaona maji mekundu, wewe unajua ni damu. Mtoto anadhani baba amelala, wewe unajua amekufa. Katika lile pengo kati ya anachoona yeye na unachojua wewe, moyo wako unavunjika. Ni mbinu nzuri, silali nikiidharau. Lakini angalia inakufanya uwe nani. Unamaliza hadithi ukijiona mwerevu na mwema kwa wakati mmoja. Umejua kuliko mtoto, na umelia. Hakuna aliyekuuliza swali lolote.

Na angalia kinachopotea. Kwanza sababu za vita, kwa kuwa mtoto asiyeelewa hawezi kuzieleza. Halafu waliofanya, kwa kuwa machoni pake wanakuwa vivuli vyenye mapanga. Mwisho hata nchi yenyewe. Beasts of No Nation ya Uzodinma Iweala, iliyotoka 2005 na ikawa filamu ya Netflix mwaka 2015, inasimuliwa na Agu, mtoto anayefanywa askari. Agu anatenda maovu, na ninaiheshimu riwaya kwa kutomficha. Lakini nchi yake haina jina, na huwezi kujua vita vile ni vya nini. Vita visivyo na jina wala sababu vinakuwa kama mvua ya mawe. Nani atashtakiwa kwa mvua ya mawe?

Mfano mbaya kuliko yote hautoki kwetu. The Boy in the Striped Pyjamas ya John Boyne, ya mwaka 2006, inamhusu Bruno, mtoto wa miaka tisa ambaye babake ni mkuu wa kambi ya Wanazi ya kuwaulia Wayahudi. Bruno haelewi ua ule wa waya ni wa nini. Haelewi hadi anaingia kwenye chumba cha gesi. Mamilioni wamelia. Mwaka 2020 Makumbusho ya Auschwitz yalisema hadharani kwamba yeyote anayesoma au kufundisha historia hiyo akiepuke kitabu hicho. Mimi naongeza langu: angalia machozi yanakwenda kwa nani. Kambi imejaa watoto wa Kiyahudi wanaojua vizuri sana wako wapi na kwa nini, na sisi tunapangiwa kumlilia mtoto wa kamanda, kwa sababu yeye ndiye asiyejua. Kutojua kwake ndiko kumempa kiti cha mbele.

Utaniambia hao ni wazungu na wana mambo yao. Wacha nirudi karibu. Uwem Akpan, kasisi kutoka Nigeria, alitoa Say You're One of Them mwaka 2008. Hadithi tano, zote macho ya watoto. Moja iko Nairobi, katika familia ya mtaani. Nyingine iko Rwanda 1994, msichana wa miaka tisa akiangalia babake Mhutu akilazimishwa kumuua mamake Mtutsi. Mwaka 2009 Oprah alikichagua kwa klabu yake ya vitabu. Ile ya Rwanda niliisoma nikiwa chuo na sikulala. Siwezi kusema ni mbaya. Ninachosema ni kwamba tangu hapo kila mtu alijua bidhaa gani inanunuliwa. Mtoto wa Kiafrika, macho makubwa, haelewi. Kuna mashirika yanaweka picha yake kwenye kalenda, na kuna wahariri wanaomwomba kwa barua pepe.

Sasa usiniweke maneno mdomoni. Sijasema tuache kuandika watoto kwenye vita. Walioandika vizuri wapo, na wengi ni majirani zetu.

Gaël Faye aliandika Petit Pays mwaka 2016. Gabriel ana miaka kumi, yuko Bujumbura, na rais Ndadaye anauawa Oktoba 1993. Nusu ya kitabu ni maembe, mto, na marafiki wa mtaa mmoja. Unaweza kudhani ni macho safi tena. Lakini karibu na mwisho Gabriel anapewa kiberiti cha chuma mkononi na kuambiwa aonyeshe yuko upande gani, na ndani ya gari kuna mtu. Anakirusha. Tangu hapo hakuna anayeweza kumwita Gabriel nyasi. Ndiyo maana kitabu kile kinauma. Kinaonyesha namna vita vinavyomtafuta mtoto na kumpa kazi.

Goretti Kyomuhendo wa Uganda, katika Waiting ya mwaka 2007, anamtumia Alinda, msichana wa miaka 13, mwaka 1979, askari wa Amin wakikimbia na familia ikilala porini. Alinda anashughulika na mambo ya nyumba, anasikiliza, anajua. Na Ngũgĩ, tangu 1964, katika Weep Not, Child, alimpa Njoroge baba anayesimulia ardhi ilivyochukuliwa na kaka anayekasirika akisikia. Njoroge anajua vita ni vya ardhi. Kosa lake ni kuamini kwamba shule itaokoa kila mtu, na imani hiyo alipewa na watu wazima. Ikivunjika, anachukua kamba. Mtoto asiyejua kitu hawezi kufika pale. Anafika aliyejua na kuamini, akadanganywa.

Unaona tofauti? Wote ni watoto na wote hawana hatia ya kuanzisha vita. Lakini waandishi wao hawakuwapunguza.

Halafu kuna sisi na shule yetu. Kama ulikuwa sekondari miaka ya Chozi la Heri, Kigogo na Tumbo Lisiloshiba, unajua ninachokwenda kusema. Chozi la Heri ya Assumpta Matei haiogopi. Nyumba ya Ridhaa inachomwa na familia yake ndani, na anayehusika ni Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi. Jirani! Kitabu kimesema wazi kile ambacho kijiji chetu hakijawahi kusema. Sasa kumbuka sisi tulikisomaje. "Fafanua jinsi haki za watoto zinavyokiukwa katika riwaya. Alama 20." Tukaorodhesha: Umu, Dick, Mwaliko, Lime, Mwanaheri. Nukta, alama moja. Nukta, alama moja. Mwalimu akatuambia tusisahau mfano.

Darasani tulikuwa zaidi ya arobaini, wote wa miaka kumi na saba, kumi na minane. Piga hesabu. Kila mmoja wetu alikuwa na miaka sita, saba, minane Januari 2008. Wale watoto wa kitabuni walikuwa ni sisi tuliokaa pale. Miongoni mwetu kulikuwa na waliofukuzwa Eldoret wakaletwa kwa ndugu zao Kakamega wakiwa na blanketi moja, na kulikuwa na mimi wa sukari na penseli. Hakuna aliyetuuliza. Tungeulizwa ulikuwa wapi, uliona nini, nyumbani kwenu nani alirudi na nini, sijui nini kingetokea mle darasani. Lakini mtoto wa alama ishirini ni salama zaidi. Yeye huonewa tu, na aliyemwonea hana ndugu darasani.

Najua utetezi mkubwa wa macho safi. Wanasema, mtoto asiyejua huamsha dhamiri. Watu wazima wamezoea vita, lakini wakimwona mtoto wanashtuka, na wakishtuka watafanya kitu.

Watafanya nini? Machi 2012 video inayoitwa Kony 2012 ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja. Mtengenezaji wake, Mmarekani, anamweleza mwanawe mdogo, mtoto wa miaka mitano, kwamba Kony ni mtu mbaya anayeteka watoto. Dunia nzima ikaelezwa vita vya Acholi kwa kiwango cha mtoto wa miaka mitano wa California. Serikali ya Museveni, kambi ambazo watu wa kaskazini walisongamanishwa kwa miaka, historia yote ya kaskazini na kusini, hayo mtoto hataelewa, kwa hivyo hayakuwa na nafasi. Wakati huo LRA ilikuwa imeshaondoka Uganda miaka kadhaa. Video ilipoonyeshwa Lira, watu waliopitia vita vyenyewe walikasirika. Kony hajakamatwa hadi leo. Dhamiri milioni mia ziliamka, zikanunua bangili, zikalala tena.

Na hata hapa nyumbani. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, Baby Pendo alipigwa na polisi Kisumu ndani ya nyumba yao, akafa. Alikuwa na miezi sita. Huwezi kupata binadamu asiyejua kitu kuliko mtoto wa miezi sita. Nchi ililia, na ilikuwa haki ilie. Ilikuwa 2022 ndipo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alipoamua maafisa wa polisi washtakiwe, miaka mitano baadaye, na kesi ikaendelea kujikokota. Kama macho safi yangeweza kuleta haki, yale yangeileta.

Lakini kutofaulu si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni bei yake, na bei hiyo inalipwa na watu wa rika letu.

Fikiria Dominic Ongwen. Alitekwa na LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Kama hadithi ingekoma siku hiyo, angekuwa kwenye bango. Hakufa, akakua, akawa kamanda. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilimpata na hatia kwa makosa 61, na Mei mwaka huo ikampa kifungo cha miaka 25. Aliyotenda ni ya kutisha na waathiriwa wake wana haki ya hukumu ile. Swali langu ni la waandishi: ni asubuhi gani alitoka kuwa malaika akawa shetani? Akiwa na miaka kumi na nne? Kumi na minane kamili, saa sita usiku? Mtindo wa macho safi hauna jibu, kwa sababu unajua vitu viwili tu. Mtoto akianza kujua, unamtupa. Hadithi ya Ongwen yote iko katikati, mahali ambapo wahariri wanasema mtoto anajua mengi mno.

Sasa njoo Juni 2024. Nilikuwa Kakamega mjini, bando inaisha, naangalia Bunge kwenye simu. Tarehe 25 vijana walipigwa risasi, na usiku ule tukaambiwa kwamba wahalifu waliteka maandamano. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Miongoni mwa waliouawa wiki ile ni mvulana wa miaka 12, Ongata Rongai. Kwa huyo kila mtu alikubali kulia, hata waliokuwa wanatucheka mitandaoni. Alikuwa mtoto, hakuwa na hatia.

Na yule wa miaka kumi na tisa? Yule wa ishirini na mbili aliyebeba bango, aliyejua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu? Kwa huyo likaja swali. Alikuwa anafanya nini pale? Nani alimtuma? Mliona kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Mimi niliona kwenye letu. Shangazi aliyemlilia mtoto wa Rongai asubuhi, jioni akaandika kwamba wale wakubwa walijitakia.

Hapo ndipo macho safi yanapotufikisha, wasee. Tumefundishwa tangu vitabu vya shule kwamba anayestahili kuliliwa ni yule asiyejua. Ukijua unapoteza nafasi yako kwenye foleni ya huruma. Na sisi tunajua. Hiyo ndiyo shida yetu kubwa na nchi hii. Serikali inayopiga risasi watu wanaoelewa inapenda sana fasihi inayowahurumia wasioelewa tu.

Basi ombi langu kwa waandishi wenzangu, hasa tulio na umri wa kukumbuka 2008. Usimpunguze mtoto. Mpe kabila, kwa sababu alikuwa nalo. Mpe maneno aliyoyasikia mezani. Mpe kitu alichokitaka. Kama mjomba alikuwa kwenye kundi, mwache mjomba kwenye kundi, na mwache abaki mjomba aliyekubeba mabegani, maana alikuwa huyo pia. Andika nchi kwa jina lake. Andika aliyetoa pesa na aliyetoa petroli. Ripoti ya Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa miezi ile miwili. Hao hawakuuawa na giza. Waliuawa na watu waliokuwa na watoto nyumbani, na watoto hao walikuwa macho.

Kwa wahariri: mkiona mtoto anajua mengi mno, jiulizeni kama shida ni mtoto au ni msomaji mnayemwogopa kumwudhi.

Na wewe msomaji, ukimaliza hadithi ya vita umelia na hujui ni nani alifanya, rudi uisome tena. Umepewa pipi.

Hadithi yangu nimeirudisha ilivyokuwa. Mjomba yuko ndani. Sijamwonyesha, anaishi mita mia mbili kutoka hapa ninapoandikia, na kila Jumapili ananiuliza nitarudi chuo lini. Mama anajua naandika kitu kuhusu ule mwaka. Aliuliza mara moja tu, akiwa anapepeta mahindi, kama nimeandika habari ya sukari. Nikasema ndiyo. Akaendelea kupepeta. Baadaye akasema, "Andika pia kwamba tulikuwa na shida." Nimeandika, Mama. Tulikuwa na shida, na tulijua.

Ile familia haikurudi. Mahali pa duka siku hizi pana kibanda cha M-Pesa. Rafiki yangu, kama yuko mahali anasoma majarida kama haya, atakuwa na miaka yangu. Sitaki anisamehe kwa sababu nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto, ndiyo, na penseli ile niliitumia hadi ikaisha, na kila nilipoishika nilihisi alama za meno yake kwa kidole.